Jibu: Whitaker kabla ya Idi Amin

Mkuu, umeuliza mwigizaji Forest Whitaker alipotelea wapi kati ya filamu ya Bird (1988), iliyompa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, na ile aliyocheza kama Idi Amin, The Last King of Scotland (2006). Hakupotea, alihamia nyuma ya kamera. Mwaka 1995 aliongoza Waiting to Exhale, ya Whitney Houston na Angela Bassett, kisha 1998 Hope Floats ya Sandra Bullock. Wengi wameziona bila kujua mwongozaji ni yeye!

Kuigiza hakuacha. Anza na Ghost Dog (1999): muuaji wa kukodiwa anayefuga njiwa juu ya paa na kuishi kwa miiko ya samurai. Haongei sana, mwendo tu na lile jicho lake zito vinatosha. Kwangu mimi hiyo inaipita hata ya Amin, mnisamehe. Kwenye Panic Room (2002) ni mwizi mwenye huruma, itazame ukipata nafasi.

Ya Amin yenyewe ilirekodiwa Uganda, na alijifunza Kiswahili kwa ajili yake. Oscar akaichukua 2007.