Gundi ya unga kwa mapambo ya karatasi
Gundi ya unga wa ngano hushika vizuri minyororo ya karatasi ya Krismasi au ya Idi, na ni bora ipikwe, kwa sababu wanga hupata mnato zaidi ukiiva. Ukikoroga unga kwa maji baridi tu, gundi bado hushika karatasi, ila huwa dhaifu zaidi. Koroga kikombe kimoja cha unga kwa maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, umimine kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, na uendelee kukoroga mpaka uji uwe mzito wa kung'aa. Nyumbani kwetu tunatumia pia unga wa muhogo. Paka kidogo tu, maana ikizidi karatasi hukunjamana. Tatizo ni mende, ambao huitafuna gundi hii pamoja na karatasi yenyewe.