Ushauri kwa Anayetaka Kukusanya Barua za Wake wa Marais

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya, nikiwa hapa Tanga, barua zilizoandikwa kwa mkono na wake wa marais wa zamani wa Marekani, na vijana wanaoniuliza waanzie wapi huwaambia wasome kwanza maisha ya mwandishi kabla ya kutazama bei, kwa sababu uadimu wa barua hutokana na maisha hayo kuliko ukubwa wa jina. Martha Washington, kabla hajafariki mwaka 1802, aliteketeza takriban barua zote alizoandikiana na mumewe, na zilizosalimika ni chache mno. Abigail Adams aliandikiana na mumewe barua zaidi ya 1,100, lakini zimehifadhiwa Boston na Massachusetts Historical Society, kwa hiyo wingi wake haumsaidii mnunuzi. Anna Harrison naye alikuwa hajafunga safari ya kwenda Washington mumewe alipofariki mwaka 1841, baada ya mwezi mmoja tu wa urais; basi anayekuuzia barua aliyoiandika kutoka Ikulu akiwa mke wa rais anakuuzia kitu kisichoweza kuwapo.

Maarifa ya namna hiyo ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya barua za kughushi. Bunge la Marekani lilimpa Martha Washington haki ya kutuma barua bila kulipa posta mwaka 1800, naye alitia saini yake kwa nje mahali pa malipo. Saini ya aina hiyo ikiwa kwenye barua ya mwaka 1795, iache. Vilevile kumbuka kwamba enzi hizo bahasha hazikuwa za kawaida: karatasi yenyewe ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, na anwani ikaandikwa mgongoni. Mary Lincoln, baada ya mumewe kuuawa mwaka 1865, aliandika kwenye karatasi zenye ukingo mweusi, akajulikana ujane wake kwa karatasi kama mjane wa pwani anavyojulikana kwa vazi la eda. Hata hivyo ukingo huo peke yake si ushahidi, kwa kuwa karatasi za msiba zilitumiwa na watu wengi. Linganisha mwandiko, herufi kwa herufi, na picha za barua zilizomo katika hifadhi za nyaraka, na umdai muuzaji historia ya umiliki.

Kwa wake wa karne ya 20 tatizo hubadilika, kwani makatibu waliandika na hata kusaini kwa niaba yao. Kadi za shukrani zilizotumwa kwa jina la Jacqueline Kennedy baada ya mumewe, Rais Kennedy, kuuawa mwaka 1963 zilichapwa mitamboni, lakini bado wapo wanaoziuza kana kwamba ni kazi ya mkono wake. Kwa anayeanza napendelea Grace Coolidge, aliyeondoka Ikulu mwaka 1929 na kuishi hadi 1957 akiwaandikia marafiki zake barua nyingi, tena zenye uchangamfu.

Lakini ukishainunua, hapa kwetu adui mkubwa wa barua ni unyevu. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma hugeuka rangi ya kahawia na kuila karatasi taratibu, na hewa ya bahari huharakisha uharibifu huo. Usiiwekee selotepu wala laminesheni, hata kama imechanika kwenye mikunjo, maana gundi na joto huacha madhara yasiyoondoka. Ihifadhi ikiwa imekunjuliwa, ndani ya karatasi isiyo na asidi, katika kasha lililo mbali na ukuta wa nje na lisilopigwa na jua. Mimi huweka pia vile vifuko vidogo vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, bila kuviacha viguse karatasi, na wakati wa masika hukagua kila wiki kama kuna ukungu au wadudu. Ukiona ukungu, itenge barua hiyo mbali na nyingine siku hiyohiyo na uiache ikauke kivulini penye hewa, wala usiifute kwa kitambaa, kwa sababu wino wake huweza kuondoka pamoja na vumbi.