We unayeingia jeshi la Marekani na grinkadi, hebu tuongee kuhusu hiyo simu yako

Napata meseji nyingi za vijana wa kwetu wanaotaka kujiunga, maswali ni yaleyale, mshahara ukoje, uraia unachukua muda gani, mbio ni ngumu? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu siri. Na simlaumu mtu maana mi mwenyewe sikuuliza, nilipangiwa stoo nahesabu mablanketi na vipuri, nikajua mambo ya ujasusi ni ya watu wa suti nyeusi huko.

Kumbe sheria haimtafuti jasusi peke yake. Inaitwa Sheria ya Ujasusi, Rais Wilson aliisaini Juni 1917 nchi ikiwa imeshaingia vita ya kwanza ya dunia, na mpaka leo ndo hiyohiyo inayofunga watu. Jina ndo linawadanganya wengi. Kifungu cha 793 hakisubiri uwe umetumwa na adui, ukimpa taarifa za ulinzi wa taifa mtu asiyeruhusiwa, ukakaa nazo wakati huna ruhusa, au zikatoka mahali pake kwa uzembe uliopitiliza, ni mpaka miaka 10, na hiyo ni kwa shitaka moja tu, yakiwa matano unahesabiwa moja moja. Kuuza kwa nchi ya nje ni kifungu kingine, 794, huko kuna kifungo cha maisha na hata hukumu ya kifo. Na usije ukajitetea eti karatasi haikuwa na muhuri, sheria yenyewe haitaji muhuri kabisa, inasema taarifa zinazohusu ulinzi wa taifa basi.

Sasa angalia waliofungwa. Jack Teixeira alikuwa na miaka 21, fundi wa kompyuta kikosi cha anga cha akiba Massachusetts, alikuwa anatupia nyaraka za siri kwenye mtandao wa kuchati wa Discord kwa washkaji zake wa magemu ili aonekane anajua mambo. Hakulipwa hata senti. Novemba 2024 kapigwa miaka 15. Ila mi huwa nawasimulia zaidi kisa cha Kristian Saucier, baharia, alipiga picha na simu ndani ya nyambizi aliyokuwa anafanyia kazi mwaka 2009, kwenye chumba cha injini, simu ikaja kuokotwa dampo Connecticut mwaka 2012, DAMPO jamani, na 2016 akafungwa mwaka mmoja. Baadaye Trump alimsamehe, lakini kifungo alishakimaliza.

Hiyo inaniuma kwa sababu na mi nilikuwa karibu nifanye ujinga wa aina hiyo. Miezi ya mwanzo nimevaa gwanda naona nimependeza, nikajipiga selfi niirushe kwenye grupu la ukoo, watu zaidi ya 80, wengine hata siwajui. Sajenti akapita akaniuliza nyuma yako kuna nini. Nageuka, ubao mzima wa tarehe za kikosi kuondoka. Bahati nzuri mtandao ulikuwa unasuasua haijaenda, nikafuta, nikasimamishwa pale nusu saa natukanwa kwa Kiingereza ambacho nilikuwa sijakifundishwa shule.

Halafu suala la ndugu, hili ni letu sisi kabisa. Na grinkadi unaingia jeshini ila klirensi, yaani ruhusa ya kuona siri, hupati mpaka uwe raia, na kwa ajili ya klirensi unajaza fomu SF-86, inauliza wazazi, ndugu, wakwe, safari, watu wa nje unaowasiliana nao. Rafiki yangu mmoja aliniambia baba yako mkubwa alikuwa serikalini, mfiche. Nikamwandika. Mpelelezi akauliza maswali mawili matatu yakaisha. Kuwa na ndugu Tanga au Bukavu sio kosa, kudanganya kwenye ile fomu ndo kosa, unaweza kula miaka 5. Na ile SF-312, ahadi ya kutunza siri unayosaini ukipewa klirensi, haiishi siku unavua gwanda, ni mpaka unakufa.

La mwisho ni hela, maana tunajuana, nyumbani kila wiki kuna ada, kuna msiba. Korbein Schultz, mchambuzi wa jeshi pale Fort Campbell, alifuatwa mtandaoni na mtu mwenye kazi za pembeni, mwanzoni alipewa dola 200 kwa waraka mmoja. Zikafika kama 42,000, na Aprili 2025 akahukumiwa miaka 7. Kwa hiyo mtu usiyemjua akikutafuta ghafla anataka umwandikie "uchambuzi" kidogo tu, usimjibu, kesho asubuhi mwambie afisa usalama wa kikosi chako. Hutaonekana mnoko, wale ndo kazi yao.

Mama yangu mpaka leo akipiga anauliza, eti mwanangu huko jeshini unafanya kazi gani hasa. Namwambia nahesabu mablanketi. Anacheka, anasema unanificha.

Mama, kweli nahesabu mablanketi.