Barua kwa mwanangu Raya, aliyenunua kayaki

Tacoma, Washington, Marekani, Jumapili usiku

Mwanangu Raya,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu na anauliza sufuria lake kubwa utalirudisha lini.

Ujumbe wako wa Jumanne niliupata siku ileile. Nimechelewa kukujibu si kwa shughuli. Nilikuwa natafuta namna ya kuyasema haya, maana ndani yake mna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote nyumbani kwetu.

Umeniambia umenunua kayaki ya mtumba, ule mtumbwi mdogo wa kukalia juu na kukanyaga pedali, na unataka kuvua salmoni msimu huu. Ukaniuliza ununue mshipi gani, chambo gani, na uanzie wapi. Mwisho ukaandika: "Baba, wewe mtoto wa mvuvi, utajua." Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Kweli mimi ni mtoto wa mvuvi, na bahari ya huku ilikaribia kuniua kwa sababu hiyohiyo.

Babu yako alikuwa mtu wa kisiwa cha Kojani, Pemba, na unajua watu wa Kojani na dago, zile kambi za uvuvi za mbali na nyumbani. Nilianza kumfuata kwenye ngalawa nina miaka saba. Kwetu kuanguka majini haikuwa habari. Unaanguka, unacheka, unashika ngalawa unapanda. Maji ya Pemba ni vuguvugu mwaka mzima, unaweza kushinda humo asubuhi nzima ukatoka vidole vimekunjamana tu. Nilijua kuogelea, nilijua pepo, nilijua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapotulia. Kwa hiyo nilipopata kayaki yangu ya kwanza hapa, wewe ukiwa darasa la nne, sikumuuliza mtu kitu.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, ufuo wa Owen Beach, pale Point Defiance. Jua limewaka, watu wanatembea na fulana. Nilivaa jinzi, sweta la pamba na koti la mvua. Jaketi la kujiokolea nilikuwa nalo, ila nimelifunga nyuma ya kiti. Sikufika mbali, labda mita 200. Nikageuka kuchukua chupa ya chai, na papo hapo mawimbi ya boti iliyokwisha pita zamani yakanipiga ubavuni. Kayaki ikapinduka.

Maji ya Puget Sound, bahari yetu ya huku, wakati ule huwa kama nyuzi 9 za sentigredi. Sikuhisi baridi kwanza. Kilichonijia kwanza ni pumzi: ilijivuta yenyewe kwa nguvu, kabla kichwa hakijatoka juu, nikavuta maji. Kisha nikawa nahema mfululizo, siwezi kuizuia, siwezi kuita. Mimi niliyekuwa nikivuka mkondo nyumbani kwa kuogelea, siku ile sikuweza kupiga mikono kumi. Nikashika kamba ya kayaki. Nikalifikia lile jaketi, nikalivuta, lakini vidole vilikuwa vimekwisha kuwa vya mtu mwingine, naviona vinagusa bizimu na haviwezi kuifunga. Mzee mmoja aliyekuwa akijaribu injini ya boti yake ndogo ya bati aliniona, akaja, akanikamata ukosi akanivuta ndani. Jina lake sikulipata. Alinikalisha ndani ya gari lake, kipasha joto kikiwaka, mpaka nikaweza kushika funguo zangu.

Nyumbani nilisema nimelowa mvua. Siku ile mvua haikunyesha. Wiki hiyohiyo nikaiuza kayaki, na wewe ukalia, sijui kama unakumbuka. Miaka miwili baadaye niliponunua nyingine, nilikuja nayo pamoja na lile vazi la rangi ya machungwa lililowachekesha nyote, mkaniita mwanaanga. Sasa unajua nililinunulia nini.

Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, Gordon Giesbrecht, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza mwili wa mtu ndani ya maji baridi, tena akijitumbukiza mwenyewe. Hesabu yake ni 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kuirudisha pumzi yako mikononi mwako. Una dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Na una kama saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu. Watu wanaogopa ile saa ya mwisho, na wengi hawaifikii. Wanakufa kwenye ile dakika ya kwanza kwa kuvuta maji, au kwenye zile kumi kwa kushindwa kuogelea, kwa sababu hawana jaketi mwilini. Hata Agosti, jua likiwa kali ufuoni, maji ya Puget Sound penye kina yanabaki kwenye nyuzi 12 au 13. Usivae kwa kutazama jua. Tia mkono majini, kisha uvae.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua si mshipi. Nunua ile suti isiyoingiza maji, yenye mipira ya kubana shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Yangu ni kubwa kwako, na suti kubwa haina maana, mpira wa shingo lazima ukubane. Bei yake huenda ikapita bei ya kayaki yenyewe. Nusu nitatoa mimi, na hili usibishane nami. Elewa pia kwamba suti yenyewe haina joto. Kazi yake ni kukuacha mkavu. Joto linatoka kwenye nguo za ndani, basi vaa sufu au zile nyuzi nyepesi za kupandia milima. Pamba iache nyumbani, ikilowa ni adui. Kabla hujaingia majini, kagua zipu mpaka mwisho, kisha chuchumaa, vuta mpira wa shingo kidogo hewa itoke.

Juu ya suti, jaketi la kujiokolea, limefungwa, kila dakika. Kwenye jaketi hilo, kifuani na si kwenye kayaki, weka filimbi, kisu kifupi cha kukatia mshipi, na redio ya baharini ya VHF isiyoharibika kwa maji. Chaneli 16 ndiyo ya kuomba msaada, Walinzi wa Pwani wanaisikiliza saa zote. Simu ya mkononi haitoshi, vidole vilivyolowa na kugandishwa haviifungui. Kayaki ikikuacha, ulicho nacho ni kile kilicho mwilini mwako tu.

Halafu uipindue kwa makusudi. Hapa ndipo wanaoanza wanapoona aibu, na mimi nakuomba usione. Anzia American Lake, maji ya ziwa yana joto wakati wa kiangazi. Igeuze kayaki, irudishe wima kwa kuvuta upande wa pili, piga miguu mpaka tumbo lilale juu yake katikati, kisha geuka ukae, kisha miguu. Fanya hivyo mpaka usiwe unafikiri. Ukiweza mara kumi ziwani, tuhamie baharini, maji ya kifuani, ukiwa na suti yako, ujue pumzi inavyoshtuka hata ukiwa umevaa vizuri. Ukiona huwezi kupanda peke yako, huendi kuvua, basi. Kasia lifunge kwa kamba kwenye kayaki, ila wewe mwenyewe usijifunge na chochote.

Sasa bahari. Kwetu upepo una adabu ya msimu: kaskazi ni kaskazi miezi kadhaa, kusi ni kusi. Huku unabadilika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Siku nzuri za kiangazi asubuhi maji yanakuwa shwari, na alasiri upepo wa kaskazini unaamka. Ingia alfajiri, saa tano uwe umetoka. Maji kujaa na kupwa unayajua tangu utotoni kwa hadithi zangu, lakini tofauti yake hapa ni kwamba bahari yote hii inapita kwenye koo nyembamba. Ukitoka Owen Beach ukaelekea magharibi ukaikata rasi, unakutana na maji ya Tacoma Narrows. Siku za bamvua yanakwenda kasi kuliko mguu wako utakavyokanyaga, na upepo ukipinga mkondo, mawimbi yanasimama mafupi na makali. Mwaka wa kwanza usiikate rasi ile. Baki upande wa mashariki, ufuo uwe unaonekana, na njia ya feri ya Vashon iwe mbali nawe. Agosti na Septemba kuna ukungu unaoshuka ghafla. Chukua dira. Meli za makontena haziwezi kukuona wala kukukwepa.

Haya, samaki. Najua umeyaruka yote ukaja hapa kwanza, sasa rudi juu usome.

Anza na salmoni aitwaye koho, mwezi wa Septemba. Mwenzake chinuki ni mkubwa na anasifiwa, lakini mara nyingi anakaa chini karibu na sakafu ya bahari, na kumfuata kule kunataka vyombo na uzoefu. Koho anatembea juu kwa makundi, ana njaa, anauma kwa hasira, na kwa kawaida ana kilo tatu hadi tano, ambaye utammudu ukiwa umekaa. Mwaka wa namba witiri kuna pia wale salmoni wadogo wenye madoa makubwa ya umbo la yai mkiani, wapinki, wanaokuja kwa wingi sana, na hao ni walimu wazuri kwa anayeanza.

Alfajiri, jua halijachomoza, weka mshipi pima 3 au 4 tu kwenda chini. Jua likipanda nao wanashuka, basi fuata pima 8, pima 10. Tumia chubwi la wastani la kuzamishia mshipi, mbele ya chambo funga bamba linalozunguka na kumetameta, wenyewe wanaliita flasha, na nyuma yake chambo chenyewe, kijiko kidogo cha chuma chenye ndoana au pweza wa plastiki. Kanyaga pedali polepole, kama mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na usiende moja kwa moja. Pinda kushoto, pinda kulia. Ukipinda, chambo cha upande wa ndani kinashuka na cha nje kinapanda, na hapo ndipo koho anapouma mara nyingi. Utazame ndege. Shakwe wakipiga mbizi mahali pamoja, chini kuna dagaa, na chini ya dagaa unajua kuna nani. Hili halina tofauti na Kojani hata kidogo.

Akiuma, usiinamie upande wake. Kichwa chako kikae juu ya kitovu chako daima. Mwachie mshipi akimbie, koho ataruka, atajiviringisha, atapita chini ya kayaki. Mlete taratibu, kimia kikiwa tayari majini. Fanya upesi pale mwisho tu, kwa sababu sili wamejifunza kuwanyang'anya wavuvi, na sili kuvutana nawe ubavuni mwa kayaki ni hatari yenyewe.

Kabla hujampandisha, mwangalie mgongoni. Kati ya pezi la mgongo na mkia kuna kipezi kidogo laini. Kama kimekatwa, ametoka kwenye vituo vya kuzalishia samaki. Kama kipo, anahesabiwa wa porini, na mara nyingi sheria inataka umwachie, tena bila kumwingiza ndani ya chombo. Mchomolee ndoana akiwa majini. Ndoana lazima iwe ya ncha moja na isiwe na kijino, ukibinye kwa koleo. Mwangalie kinywa pia: koho ufizi wake ni mweupe penye meno na madoadoa yako nusu ya juu ya mkia, chinuki ufizi mweusi, madoadoa mkia mzima. Usikosee hapa. Chinuki wa Puget Sound wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1999, na wale orka wa hapa, nyangumi wauaji, wanaishi kwa kuwala.

Leseni ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington inaanza 1 Aprili na kwisha 31 Machi. Kadi ya kuandikia samaki uwe nayo, na uandike papo hapo, kabla hujatupa mshipi tena. Owen Beach iko eneo la uvuvi namba 11. Kanuni zake hubadilika hata katikati ya msimu, basi zisome usiku wa kuamkia safari. Ukiona nyavu karibu na mdomo wa mto Puyallup, kaa mbali nazo kwa heshima. Ni za wenyeji wenyewe, kabila la Puyallup, kwa mkataba wao na serikali, ule wa Medicine Creek wa 1854, na Jaji George Boldt alithibitisha mwaka 1974 kwamba nusu ya samaki wa kuvuliwa ni haki ya makabila ya mikataba ile.

Samaki ukishampata, mpige kichwani mara moja, mkate matamvua damu itoke, mlaze kwenye barafu. Mama yako anamtaka na ngozi yake, kwa ajili ya mchuzi wa kupaka.

Njoo Jumamosi, saa mbili asubuhi, na kayaki yako. Magoti yangu hayapandi tena, lakini nitasimama ukingoni American Lake na saa mkononi, na utaipindua mpaka nitosheke. Leta na sufuria.

Habari ya ile siku ya Aprili mama yako nitamwambia mwenyewe, kesho baada ya magharibi, kabla hujafika.

Baba yako