Stelingi ngumu, oili haionekani inakoenda: maswali yenu ya magari

SWALI, kutoka Ipuli, Tabora: Mwangaluka fundi. Nina Carina Ti ya 1998, natumia kwenda Sikonge kuchukua asali na kurudi mjini. Tangu mvua zianze stelingi imekuwa nzito hasa nikiwa napaki au nikikata kona taratibu pale sokoni, nikikolea mwendo inakuwa afadhali. Inanguruma ukikata, oili ya stelingi inapungua kila wiki naongeza lakini chini ya gari hakuna hata tone, nimeshalaza boksi chini usiku kucha asubuhi nakuta kavu. Fundi wa kwanza kasema reki nzima, ule mtambo wa chini unaopindisha magurudumu, ibadilishwe, wa pili kasema pampu. Halafu siku hizi nikiwasha inatoa moshi mweupe mweupe, hiyo nimeambiwa ni ringi za pistoni. Hela yenyewe ni ya mafungu, nianze na lipi?

JIBU: Kaka, mwangaluka. Usianze na lolote kati ya hayo matatu. Reki usinunue, pampu usinunue kwanza, na injini yako kwa ajili ya ringi mtu asiifungue mpaka umalize kusoma hapa.

Wewe umeandika moshi mwishoni kabisa kama tatizo lingine, ila mimi nadhani ni tatizo hilohilo la stelingi. Oili inaisha na haidondoki, sasa inaenda wapi? Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kidude kidogo cha chuma kimefungwa kwa nati kwenye pampu ya stelingi, kina mipira miwili myembamba ya hewa inayoelekea kwenye injini. Kazi yake ni kwamba ukikata stelingi gari ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, pampu inaielemea injini, basi presha ya oili inakisukuma kile kidude kinafungulia injini hewa ya ziada isije ikazima. Ni kitu kizuri tu, shida ni kwamba kikizeeka sili yake ya ndani inachoka, na kwa vile injini inavuta kwa nguvu kupitia ule mpira inaanza kuvuta na oili. Inaichoma, unaona moshi nyuma, chini pakavu, na oili kwenye kopo lake inashuka kila siku. Watu wamefungua injini kwa sababu ya hiki kidude, inaniuma sana kwa kweli.

Kupima hakuna gharama. Zima gari ipoe, chomoa ile mipira miwili upande wa kidude uchungulie ndani, au ingiza kijiti chenye pamba. Ukitoa pamba imelowa oili nyekundu, umeshampata mwizi. Kidude kinauzwa peke yake, hata cha mtumba kinafaa ila hakikisha ni kikavu ndani kabla hujalipa. Kama hela haijakaa sawa, ziba mipira yote miwili upande unaoingia kwenye injini, bolti inayoenea na klipu inatosha, na kidude chenyewe kizibe midomo ili oili isimwagike. Utaishi hivyo bila shida, silensa tu itashuka kidogo ukiwa unapaki. Usiache mipira wazi maana injini itavuta hewa ya ovyo na kutetemeka.

Ikiwa pamba imetoka kavu, hapo ndo tunahamia kwingine na bado siyo reki. Angalia belti ya pampu kwanza. Belti ikilegea inapiga kelele kali ya juu ukikata mpaka mwisho, wakati kunguruma kama kwako mara nyingi ni oili pungufu au hewa imeingia kwenye pampu, na ukifungua kopo utaona povu. Kisha ule mpira wenye mikunjo mwisho wa reki kila upande, uminye kwa mkono, ukisikia maji ndani ujue sili za reki zimekufa na oili inajikusanya humo bila kudondoka, hapo fundi wako wa kwanza atakuwa sahihi. Dalili nyingine ya reki ni uzito wa upande mmoja tu. Na ikiwa nzito silensa lakini ukipiga resi inalainika pande zote, na belti imekaza vizuri, hiyo ni pampu imechoka.

Kuna kipimo kimoja mafundi wengi wanakiruka. Nyanyua magurudumu ya mbele yote mawili, weka stendi usitegemee jeki peke yake, zima injini halafu zungusha stelingi kwa mkono. Inatakiwa izunguke bila kugombana nayo sana. Ikikwama ukiwa hewani basi haidroliki imesingiziwa, tafuta boljointi zilizokauka au beringi za juu ya shokapu. Na upepo wa matairi jamani, tairi laini la mbele linafanya stelingi nzito na watu hawalitazami.

Ukishaziba au kubadilisha, toa hewa. Gari ikiwa hivyohivyo kwenye stendi imezimwa, zungusha taratibu kulia mpaka mwisho kushoto mpaka mwisho, rudia mara 15 hadi 20 huku mwenzio anaongeza oili kwenye kopo, ndipo uwashe urudie. Usiishikilie mwishoni zaidi ya sekunde 5, presha inapanda sana na oili inachemka. Oili ni ile nyekundu ya gia boksi ya oto, Dexron II au III. Ya breki usiweke hata kama umekwamia porini huko Sikonge, inavimbisha sili zote na hapo reki utainunua kweli.

SWALI, kutoka Mwanga, Kigoma: IST yangu stelingi imekuwa ngumu ghafla nikishuka stesheni na taa imewaka kwenye dashibodi, fundi anataka nimpe hela ya oili ya haidroliki. Ni sawa?

JIBU: Dada usimpe. IST haina oili ya stelingi, inasaidiwa na mota ya umeme. Anza na betri, fungua vichwa vyake usugue ule ukoko mweupe au wa kijani kwa maji ya moto na brashi, kisha pima umeme injini ikiwaka, usome kama volti 13.5 hadi 14.5. Ikiwa chini ya hapo tatizo ni alteneta, ile inayochaji betri, na stelingi imekuwa ya kwanza kulalamika. Baada ya hapo fyuzi, ndipo gari ipimwe na mashine. Ukiwa bado unaendesha, magurudumu yameungana na stelingi kwa chuma kwa hiyo haitakuachia, itakuwa nzito tu, shika kwa mikono miwili na upunguze mwendo kabla ya kona.

SWALI, kutoka Kasulu: Mpira wa presha wa pawa stelingi umepasuka na hapa haupatikani, naweza kukata belti niendeshe hivyo mpaka Kigoma?

JIBU: Mzee wangu, unaweza, na ni bora kuliko kuendesha pampu kavu maana itajisaga na vyuma vyake vitaingia mpaka kwenye reki. Lakini kabla ya kukata fuata hiyo belti kwa macho inazungusha nini kingine. Kwenye magari mengine ni hiyohiyo inazungusha pampu ya maji na alteneta, ukiitoa utachemsha njiani. Ikiwa ya stelingi peke yake, itoe, na futa oili yote iliyorukia ekzosi kabla hujawasha kwa sababu inashika moto. Ule mpira wa zamani usiutupe, nenda nao Kigoma kwenye spea ili wakulinganishie ncha zote mbili.