Baba alinitoa skuli, leo naambiwa niandike sifa zake

*Shangazi, shikamoo. Babangu alikuwa fundi wa majahazi kule Matondoni, na ndiye aliyekuwa mzee wa ukoo wetu. Akisema neno limekwisha. Amefariki mwaka huu. Kaka zangu wameniachia mimi, eti ndiye mwenye kalamu, niandike maisha yake yasomwe kwenye hitima mwezi wa Mfungo Sita, jamaa watakapokuja Lamu kwa Maulidi. Kila mmoja ananiletea sifa. Mimi pia ninazo zangu: nilikuwa nikimshikia pamba akipiga kalafati, kuziba mianya ya mbao za jahazi, na hakuwahi kunifukuza pale. Lakini mwaka 1983 alinitoa skuli nikiwa darasa la saba, akasema hana uwezo, na kaka yangu akaendelea. Nikiandika sifa tupu mkono unagoma. Nikilitaja hilo, mama ataumia. Nifanyeje?*
*Binti wa Fundi, Lamu*

Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee.

Kwanza tuitoe hitima katika jambo hili. Hitima ni ya kumsomea marehemu na kumwombea. Mtume amekataza kuwatukana maiti, na kule kumpamba mtu kwa asiyokuwa nayo sijaona kunamfaa nini huko aliko. Waambie kaka zako siku hiyo isomwe Qur'ani, iombwe dua, watu wale pilau yao waende. Nilihudhuria hitima moja marehemu akasifiwa upole hadi mkewe, huku upande wa wanawake, akashikwa na kikohozi. Hatukuthubutu kutazamana.

Maisha yake yaandike kwenye daftari la ukoo. Nalo hilo usilianze na sifa ulizoletewa. Nazijua bila ya kuziona: mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu. Hizo mvike mzee yeyote kuanzia mtaa wa Mkomani hadi Langoni, Lamu nzima, zitamkaa. Kitukuu atakayezaliwa Mombasa au Jeddah atasoma asimjue babu yake ni yupi.

Anza na pamba. Wewe umeshika kitu ambacho kaka zako hawanacho. Andika alivyoisokota, alivyoichovya, alivyoishindilia kwenye mwanya baina ya mbao na mbao, na mlio wa nyundo uliomwambia kuwa hapa pamekaza na hapa bado. Andika harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki yasiyotoka nguoni hata ufue mara tatu. Kisha panda punda au mashua uende Matondoni, ukawatafute waliofanya naye kazi. Waulize jahazi la kwanza aliloliunda yeye mwenyewe lilikuwa la nani na liliitwaje. Alipima vipi mataruma, zile mbavu za jahazi, yakae sawa pande zote mbili bila ya ramani ya karatasi? Nani alimfundisha, na yeye alimfundisha nani? Wazee hao hawakungoji. Nenda wiki hii, usingoje Mfungo Sita. Na tezo zake za kuchongea na keekee yake ya kutobolea, kabla hazijagawiwa, ziandike moja moja na jina la kila kimoja. Mirathi itakwenda kwa wenyewe, majina yabaki kwako.

Sasa hilo la skuli, ambalo najua ndilo lililokufanya uniandikie.

Umetaja mwaka, na mwaka huo una habari. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nje ya nchi. Lamu ilikuwa ikila kwa boriti, zikihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, zikipakiwa kwenda Arabuni. Biashara yenyewe ilikwisha kuanza kunyauka, lakini katazo lile ndilo lililoikata pumzi. Asiye na shehena haagizi jahazi jipya. Kwa hiyo baba aliposema hana uwezo, huenda hakukudanganya. Sikuwamo nyumbani mwenu, sijui. Ila ulizia. Ulikuwa mtoto, na mtoto haelezwi habari za mfuko.

Lakini hapa nasimama, nisije nikaonekana namtetea. Kaka yako alibaki darasani. Boriti hazilielezi hilo. Pesa zilipokuwa chache, mtu alichagua nani azipate, akakuacha wewe kwa kuwa ni msichana. Wazee wengi wa wakati ule walifanya hivyo na wakalala usingizi. Una haki ya kuumia, na kifo chake hakikufuti haki hiyo.

Basi liandike, kwa urefu wa lilivyokuwa. Sentensi mbili zatosha: mwaka huo kazi ilipungua, baba akanitoa mimi skuli, akamwacha kaka. Usiweke "lakini alitupenda sote" nyuma yake, na usiweke laana. Liache lipite katikati ya majahazi. Wajukuu wa kike watalisoma na wataelewa bila ya kuongozwa. Kaka aliyeendelea na masomo msomee mwanzo, mkiwa wawili tu. Nadhani amelibeba zaidi ya unavyofikiri, na kama hakulibeba, ni wakati wake sasa.

Na mama usimfiche. Unasema ataumia, ila hujamuuliza, na yeye alikuwamo nyumba ile mwaka ule. Nenda baada ya Alasiri, bila kalamu. Msaidie kuchambua mchele au chochote alichonacho mkononi, mwulize: mwaka ule baba alipokosa kazi, tulikuwa tunakula nini? Usianze na skuli. Atafika huko mwenyewe akitaka. Akinyamaza, endelea kuchambua.