Mwaka wa kwanza, mwacheni Mathilde apumue

Wiki hii nimesahihisha kazi 38 za semina kuhusu hadithi ya Chekhov ya mwaka 1883, ile ya karani anayempigia chafya jenerali ukumbini, kisha anaomba radhi mpaka anakufa. Kazi 21 zimeandika "dhamira: umuhimu wa kuomba msamaha". Moja imeandika "ujumbe: tuzibe pua tunapopiga chafya". Huyo wa chafya nampenda, maana angalau kasoma. Ninyi wengine, tukae kitako.

1. Someni hadithi yenyewe. Ni kurasa chache, mnazimaliza foleni ya chakula haijasogea. Desa, yale maelezo mnayonakiliana, baadaye.

2. Sifa za mhusika hazichotwi kwenye ile orodha ya fani na maudhui mliyoikariri kidato cha sita. Hapa niungame.

Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa kuwasilisha hadithi ya Maupassant ya 1884, ile ya Mathilde Loisel anayeazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake Bi Forestier aende nao karamuni, akaupoteza. Usiku wa kuamkia semina nilikuwa na desa la kurasa mbili, fotokopi ya fotokopi, wino umefifia hata "Loisel" inasomeka "Loise". Asubuhi nikasimama kifua mbele. Mathilde Loise ni mwenye tamaa, mvivu, hana shukrani. Mumewe ni mhusika bapa, yaani hana undani wowote. Ujumbe: tamaa mbele, mauti nyuma. Mwalimu akaniacha nimalize, kisha akauliza taratibu: "Zile faranga 400 zilizonunua gauni, mume alikuwa amezitunzia nini?" Sikujua. "Mkufu ulipopotea, nani alitunga uongo wa kwanza?" Nikajibu kwa sauti kubwa: Mathilde. "Umesoma wapi?"

Feni ya darasa ilikuwa inakwaruza. Mpaka leo nikisikia feni ya namna ile natokwa jasho. Rafiki yangu aliyeniazima desa alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, naye kavaa kandambili.

Usiku ule nikaisoma hadithi. Nusu saa haikuisha. Faranga 400 zilikuwa za bunduki: mume alipanga kiangazi kile aende na wenzake Jumapili kuwinda ndege upande wa Nanterre. Kumbe huyo bapa wangu ana hamu yake, na anaimeza bila kusema neno. Uongo nao ni wake. Ndiye anayemwambia mkewe amwandikie Bi Forestier kwamba kishikizo cha mkufu kimevunjika, kinatengenezwa, ili wapate muda. Anatamka yeye, Mathilde anaandika. Wangesema ukweli siku ile, huenda wangeambiwa mkufu wenyewe ni wa bandia, haukuzidi faranga 500. Badala yake wananunua mwingine kwa 36,000: 18,000 urithi wa baba wa mume, zilizobaki ni mikopo ya huku na kule, na madeni yanawala miaka kumi. Na yule "mvivu" wangu? Anamwachisha kazi mtumishi, anafua mwenyewe, anapandisha maji ngazini akitua kila ghorofa kuvuta pumzi, anabishana na wauzaji kwa kila senti. Tamaa anayo, sikatai. Ila iliyoandika barua ile ni aibu, na aibu hiyo walikuwa nayo wote wawili.

Basi tafuteni pale ambapo mhusika angeweza kufanya vingine, mkampimie hapo.

3. Dhamira iandikwe kwa sentensi yenye kitenzi. "Tamaa" peke yake ni neno la kamusi.

4. Msimulizi si Maupassant. Atakayewachanganya nitamkata alama mbili, na msinifuate ofisini kulia.

5. Msiwadharau wahusika wadogo. Hili niliwahi kulitamka kwa mikogo semina nzima, hadi mwaka jana binti mmoja wa viti vya nyuma, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua kinywa, akanyoosha mkono. Akasema, Bi Forestier anaporudishiwa kikasha cha mkufu hakifungui, analalamika tu kwamba amecheleweshewa. Mtu mwenye almasi halisi, akaazima watu, angeipokea bila hata kuitupia jicho? Msuko wote umelala ndani ya kikasha kile kisichofunguliwa. Mimi sentensi hiyo nilikuwa naipita kila nikisoma, nikidhani imewekwa ili tumwone Mathilde anavyotetemeka. Nilikuwa nimeifundisha hadithi miaka mitatu. Nikajifanya natafuta ukurasa.

Kazi ya karani mnairudia. Nazitaka Alhamisi kabla ya saa nne, na nikiona tena "umuhimu wa kuomba msamaha" nairudisha bila kuisoma. Wa chafya, wewe usirudie. Njoo tuzungumze.